Bunduki Nyepesi Niliyoirudisha

Vijana wa idara mmekuwa mkinipigia simu tangu nistaafu, na swali lenu ni lile lile: ukienda porini kwa miguu, uchukue bunduki ipi? Mmoja wenu juzi aliniuliza akiwa tayari yuko mlangoni mwa ghala la silaha, gari linamsubiri nje. Nikamwambia jibu langu ni refu kuliko salio lake la simu. Basi nimeamua kuliandika, hapa hapa kibarazani kwangu Ilembo, ambako mnyama mkali kuliko wote sasa ni jogoo wa jirani.

Vyeo sitavizungumzia. Nilianza nikiwa askari wa wanyamapori wa halmashauri na nikamaliza nikiwa na meza na kiti cha kuzunguka, lakini kiti hicho hakimsaidii mtu aliyesimama mbele ya mnyama aliyejeruhiwa. Vijijini watu walizoea kumwita ofisa wetu Bwana Nyama. Nilipofika mimi walihangaika kidogo, wakaniangalia sketi, wakaniangalia buti, kisha wakakata shauri: Bibi Nyama. Nikalibeba jina hilo mpaka mwisho, na silichukii.

Siku yangu ya kwanza porini ilikuwa Ugalla. Nilikabidhiwa raifo ya kuzuia tembo, nzito, ndefu, na nilipoitundika begani nilijiona nimefika. Wa kunifundisha kazi alikuwa Mzee Kasonso, askari wa siku nyingi, Mkonongo, mfupi, mwenye maneno machache na tumbaku nyingi. Yeye alibeba kibunduki chembamba cha mtutu mmoja ambacho mimi, kwa akili za mtu mwenye sare mpya, nilidhani ni cha kuwindia kanga. Tulitembea tangu asubuhi kwenda kambi ya warina asali waliolalamika kwamba kuna mtu anatega nyaya karibu na mizinga yao. Mbung'o walituchoma hadi kwenye kope. Ilipofika mchana raifo ilikuwa imehama bega la kulia kwenda la kushoto na kurudi mara nyingi mpaka sikujua tena lipi linaniuma.

Hapo tukasikia mkoromo kwenye majani marefu. Nguruwe pori dume alikuwa amenasa mguu kwenye waya, na alipotuona alivuta kwa nguvu zake zote, waya ukakatika. Alikuja moja kwa moja, kichwa chini. Nikainua raifo. Nasema niliinua, lakini mikono ilikataa. Mdomo wa bunduki ulifika usawa wa magoti ukabaki hapo ukitetemeka, nami nikiutazama tu. Mlio niliousikia ulitoka pembeni yangu. Nguruwe alianguka karibu kabisa na buti zangu, akachimba udongo kwa meno, akatulia. Mzee Kasonso alifungua bunduki yake, akatoa ganda, akaweka risasi nyingine, ndipo akaniangalia.

"Mwanangu," akasema, "hiyo bunduki yako ingefaa sana kama nguruwe angekuja asubuhi."

Tuliporudi Mpanda aliniombea kwa mkuu wetu nipewe silaha ya kutembea nayo. Alieleza, na ni kweli, kwamba tembo tunaitiwa mara chache. Kazi yetu ya kila wiki ni nguruwe kwenye mihogo, nyani kwenye mahindi, koboko kwenye paa la darasa, mbwa mwenye kichaa sokoni. Kwa kazi hizo unahitaji marisau, zile gololi ndogo za risasi zinazotawanyika, na unahitaji mkono ambao bado una nguvu unapofika.

Ghalani kulikuwa na shotigani za mtutu mmoja. Karibu zote zilikuwa namba kumi na mbili, zenye tundu pana. Moja tu ilikuwa namba ishirini. Msishangae: kwenye shotigani, namba ikipanda tundu linapungua. Aliyepanga hivyo simjui na sina cha kumwambia. Mzee alinitembeza nazo moja moja kando ya reli, jua kali, hadi jasho likanilowesha mgongo. Tukirudi ananiamuru niiweke bunduki begani kama mtu anayelenga na niishikilie hivyo mpaka amalize kusokota tumbaku yake. Alisokota taratibu makusudi. Alilowesha karatasi, akaitazama, akaikunjua, akaanza upya. Zile za kumi na mbili zote zilianza kucheza kabla hajapata kiberiti. Ile ya ishirini ilitulia begani kama mtoto aliyelala.

Bado hakuridhika. Alinipaka mafuta kwenye kidole gumba akataka nivute nyundo, kile chuma cha nyuma kinachogonga risasi, maana porini kidole kitakuwa na jasho au damu. Alinifanya niifungue na kuifunga nimefumba macho. Alipima kitako cha bunduki kwa kiwiko changu. Akaniambia pia ubaya wake bila kunificha: bunduki nyepesi inakurudi kwa nguvu kuliko nzito, kwa hiyo bega litalipa, tundu jembamba linabeba marisau machache, kwa hiyo lazima usogee, na mtutu ni mmoja, kwa hiyo ukikosa, wewe na mnyama mnabaki kutazamana. Nilisema nimeelewa. Sikuelewa, lakini niliitaka.

"Kuna jambo la mwisho," akasema, akaninyooshea mkono wa kushoto. Ulikuwa umekosa vidole viwili. Siku zote niliona haya kuuliza.

Alinieleza hivi, nanyi msome polepole. Risasi ya namba ishirini ukiitumbukiza kwenye bunduki ya kumi na mbili, haikai mahali pake, kwa sababu ni nyembamba. Inateleza mbele inakwama ndani ya mtutu, mahali ambapo huioni. Unavuta triga, unasikia tak. Unafungua, unakuta patupu. Kwa kuwa una haraka unajiambia hukuweka kitu, au kimeanguka. Unaweka risasi ya kumi na mbili nyuma yake. Ukifyatua sasa, ya nyuma inaipiga ya mbele, na mtutu unapasuka pale pale mkono wako wa kushoto ulipoushika. Mwenye bahati anapoteza vidole.

"Ukisikia tak, ukakuta patupu," akasema, "usiongeze kitu. Chungulia kwanza, uone mwanga upande wa pili."

Miaka mingi nilitembea na bunduki ile na sikuwahi kuijutia. Niliisafisha kwa kipande cha khanga na mafuta kidogo. Wanaume wa idara waliiita kabunduki ka Mama, nami niliwaacha wacheke mpaka tukianza kupanda kilima, hapo wakanyamaza wenyewe. Mtutu mmoja ulinifundisha kutofyatua. Nyani wengi wa mkoa huu wako hai kwa sababu nilikuwa bado najiuliza kama nimefika karibu vya kutosha. Mzee Kasonso alistaafu, akarudi kwao kwenye mizinga, nami nikawa ndiye ninayepewa vijana.

Wa mwisho kati yao alikuwa Sospeter. Mrefu, mwepesi wa miguu na mwepesi wa mdomo, kijana mzuri ambaye kila kitu alitaka kikamilike jana. Alipewa namba kumi na mbili, ya mtutu mmoja kama yangu, na alijivunia mlio wake. Yangu aliiita fimbo ya kuchungia mbuzi. Nilimpenda tangu mwanzo, ndiyo maana nilimgombeza kila siku.

Asubuhi moja ya masika tulipigiwa simu kutoka Litapunga. Aliyepiga alikuwa Masanja, mfugaji wa Kisukuma ambaye mji wake uko pembeni kabisa ya kijiji. Sauti yake ilikuwa juu. Fisi ameingia mjini kwake mchana kweupe, amemng'ata mdogo wake mguuni, hakimbii watu, anang'ata miti. Niliposikia kwamba anang'ata miti nilijua tunakwenda kwenye kichaa. Nilimwambia mgonjwa aoshwe jeraha kwa maji mengi na sabuni, akimbizwe Mpanda akapate sindano, na mtu yeyote asimsogelee mnyama yule kwa fimbo wala kwa mkuki.

Njiani tulivuka kijito kilichofurika. Gari lilizima katikati, tukashuka kulisukuma, maji yakatufika kifuani. Tulipopanda tena mikanda yetu ya risasi ilikuwa inachuruzika. Tukazitoa risasi tukazipanga kwenye dashibodi zikauke, zake kushoto na zangu kulia, kitambaa katikati. Wakati ule aina zote mbili zilikuwa na maganda mekundu. Barabara ya kule mnaijua. Tulipofika, kitambaa kilikuwa miguuni kwangu.

Nilizikusanya zangu kwa kuzipapasa, moja moja, mdomo wa ganda kwenye ncha ya kidole. Yeye alichota zake akazitia mfukoni. Nilianza kumwambia azihakikishe, na hapo hapo mtu akapiga yowe.

Masanja alikuwa juu ya ua wa ng'ombe, amekaa kama kuku kwenye mti. Akanyoosha kidole kwenye jiko, kibanda cha udongo katikati ya uwanja. Fisi alikuwa anazunguka mbele yake. Alitembea upande upande, kichwa kimepinda, mate yananing'inia. Mlango wa jiko ulikuwa mbao mbili zilizofungwa kwa kamba.

"Mayu yumo ndani!" Masanja akapiga kelele. "Mama yangu yumo humo!"

Kutoka ndani ikaja sauti ya kikongwe, bila kutetemeka: "Afande, mlango huu hauna komeo! Nimeweka chungu!"

Nilielewa hesabu yetu mara moja na haikunipendeza. Nikipiga nikiwa hapa, marisau yatakayomkosa fisi yataingia kwenye ukuta wa udongo, na nyuma ya ukuta yupo mama wa watu. Lazima mmoja wetu azunguke apate upande ambao nyuma ya mnyama kuna ua na matope tu. Nikamwambia Sospeter abaki pale pembeni ya gari, asifyatue mpaka fisi aachane na jiko. Mimi nikaanza kuzunguka kwa kulia, polepole, bunduki begani, nikiyashukuru yale mafuta ambayo Mzee aliwahi kunipaka kidole gumba.

Fisi aliachana na jiko hatua chache tu, akanusa hewa. Sospeter akafyatua. Alikuwa mbali mno. Marisau yalimpata nyuma, kwenye nyonga, akageuka akajing'ata mwenyewe, kisha akajirusha kwenye ule mlango. Ubao mmoja ukang'oka. Nikasikia chungu kikivunjika ndani.

"Toka, we!" kikongwe akafoka. "Toka!"

Nilikimbia. Nilikuwa bado sijapata upande mzuri. Kwa jicho la pembeni nilimwona Sospeter akifungua bunduki, akitoa ganda, akitia mkono mfukoni, akiweka, akifunga. Fisi alisikia ule mlio wa chuma. Akatoa kichwa chake mlangoni akageuka kumtazama. Sospeter akavuta nyundo, akalenga, akavuta triga.

Tak.

Akaifungua. Akatazama ndani. "Imeanguka!" akasema, na sauti yake ilikuwa ya kitoto kabisa. Akatia nyingine, akafunga.

Nimekuwa na hofu mara nyingi kwenye kazi hii, lakini ile ilikuwa ya aina yake. Miguu yangu ilijua kabla ya kichwa. Nilisimama.

"Sospeter, usifyatue!"

Fisi alikuwa ameanza kwenda kwake. Hakukimbia sawasawa, nyonga ilimvuta, lakini alikuwa anakwenda, na kati yao palikuwa na uwanja mtupu.

"Mama, anakuja!"

"Usifyatue! Mtutu umeziba! Itupe chini!"

Kidole chake gumba kilikuwa juu ya nyundo. Niliona kikianza kuivuta. Hebu fikirini nilichokuwa nakiomba. Mnyama mwenye kichaa anamjia, silaha aliyonayo ni moja, na mtu anamwambia aitupe. Kumweleza hakukuwa na nafasi. Alikuwa na sauti yangu tu, ile aliyoizoea kwa kumgombeza, na sikujua kama imebaki na uzito wowote masikioni mwake.

"Mwanangu," nikapiga kelele, "itupe!"

Akaitupa. Ilianguka kwenye matope, nyundo ikiwa chini, ikalala kimya. Naye akasimama pale mikono mitupu, akaniangalia mimi badala ya kumwangalia fisi.

Sasa bunduki ilikuwa moja na risasi ndani yake ilikuwa moja. Fisi alikata mbele yangu akielekea kwake, na kwa mara ya kwanza nyuma yake hapakuwa na jiko wala ng'ombe wala mtu, ni matope na miiba. Nililenga nyuma ya bega. Kichwa sikukigusa, maana afisa mifugo anakihitaji kizima ili apime ugonjwa, na ajabu ya kazi ni kwamba hata katika dakika kama ile mkono unakumbuka mambo ya ofisini. Nikafyatua. Bunduki ilinipiga bega kama mtu mwenye kinyongo. Fisi alianguka kifudifudi, akajikokota kwa miguu ya mbele, bado anakwenda kwa Sospeter. Nikafungua, nikatoa ganda, nikaweka nyingine, nikatembea hadi karibu, nikamaliza.

Wa kwanza kusema alikuwa yule mama. Alitoa kichwa palipokuwa na ubao, kilemba kimejaa majivu, akatutazama mmoja mmoja kwa hasira.

"Mimi nilikuwa nakufa humu," akasema, "nyie mnagombana!"

Masanja alicheka juu ya ua mpaka akakaribia kuanguka. Mimi sikuweza. Nilimsogeza Sospeter mbali na mate ya mnyama, nikaiokota bunduki yake, nikatoa ile risasi ya kumi na mbili, nikamwelekezea tundu kwenye mwanga. Alichungulia. Hakuona mwanga. Akachungulia tena. Tukakata kijiti chembamba, tukasukuma kutoka mdomoni, na ile ya ishirini ikatoka upande wa pili, nyekundu, safi, ikaanguka kwenye kiganja chake cha kushoto. Kisha akaenda nyuma ya gari akatapika, nami nikamwacha, kwa kuwa kuna mambo ambayo mtu hapaswi kutazamwa akiyafanya.

Mama Masanja alituwekea maziwa ya mgando. Tulinawa mara nyingi kabla ya kuyagusa. Alimkalisha Sospeter karibu naye, akamwambia ale, mtu mrefu hivyo hawezi kusimama na tumbo tupu. Mdogo wa Masanja alimaliza sindano zake Mpanda na anachunga mpaka leo.

Wiki ile ile niliingia kwa mkuu wetu. Nilitaka tuwe wote wawili na namba ishirini, lakini ghala lilikuwa na moja tu, na risasi zake zilikuwa zimeanza kuadimika. Namba kumi na mbili zilikuwapo za kutosha. Nikairudisha yangu. Niliisafisha vizuri mara ya mwisho, nikaiweka mezani, nikasaini kuchukua ya kumi na mbili, nzito. Karani wa ghala, ambaye alijua jinsi nilivyoipenda, alidhani nimegombana nayo. Nilitoka pale nikiwa na uchungu wa kweli, sitawaficha. Vitu vichache vya serikali nimevipenda maishani, na kile kilikuwa cha kwanza.

Basi jibu lenu ni hili. Mtu anayetembea peke yake achague bunduki nyepesi, ya mtutu mmoja, tundu jembamba, ajifunze kusogea karibu, na hatajuta. Lakini ninyi hamtembei peke yenu. Kabla hujashika kitu ghalani, muulize mwenzako kabeba nini, kisha beba hicho hicho, hata kama kitakuvunja mgongo. Mambo ya uzito na kitako yanakuja baada ya hapo.

Nami kilinivunja. Bega la kulia linaniuma baridi ikiingia, na mkono haupandi tena kufika rafu ya juu jikoni. Daktari ameuliza nilikuwa nabeba nini, nikamwambia kuni.

Sospeter sasa yuko nafasi yangu. Jumapili anapiga kinanda cha kwaya kanisani kwetu. Anapiga kwa haraka, kama anavyofanya kila kitu, na mwalimu wa kwaya humkaripia mbele ya watu. Mimi huwahi mapema nipate benchi la pembeni, upande ule unaoonyesha mkono wake wa kushoto, na sikubali kulihama hata kwa wageni. Wanawake wenzangu hudhani napenda muziki.